Nilizoea kutafuta geocache Kajiado peke yangu, mpaka mama akasema lazima aje

"Kuna mtu anajua uko hapa?"

Wakuu, hilo swali niliulizwa nikiwa nimepiga magoti kwenye kona ya shamba la watu, huko kati ya Isinya na mji wa Kajiado, simu mkononi na sisimizi ndani ya sweta.

Nawasalimu wote, wa Kitengela, wa Embulbul, wa Matasia, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila hata kuweka like. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu ya rafiki yangu. Mimi ni mtu wa kushuku kila kitu, kwa hivyo mkinishuku pia sitakasirika. Lakini yalitokea.

Chukueni chai, ni ndefu kidogo.

Kwa wasiojua, geocaching ni mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa. Mtu anaficha kopo mahali, anaweka coordinates kwenye app, na wewe unafuata simu mpaka hapo. Simu inakufikisha karibu tu. Zile hatua za mwisho ni macho yako na akili yako. Ukipata kopo, ndani kuna karatasi. Unaandika jina, unarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, unaenda nyumbani.

Hakuna zawadi. Hakuna mtu anakupigia makofi.

Nilipomweleza mama yangu mara ya kwanza, aliniangalia kama nimemwambia nimejiunga na dini mpya.

"Wanjiru, nilikusomesha university uende kutafuta kopo?"

Nikamuuliza, na wale wanaolipa kuangalia watu wazima wakifukuza mpira, wao wanatafuta nini?

"Angalau hao wako pamoja," akasema.

Wekeni hayo maneno kando, tutayarudia.

Sisi tunakaa Kitengela. Mama ni fundi wa nguo, anashona sare za shule. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba, na hicho kibanda ndicho ukumbi wa mtaa. Mwenye zipu mbovu anakuja, mwenye bwana mbovu anakuja. Ndani ya nyumba kuna binamu zangu wawili, na shangazi ambaye alikuja kwa weekend moja, akasahau kurudi. Kila mlango unafunguliwa bila kubishwa, hata wa bafu ukizubaa.

Mama anaonekana kupenda hivyo. Sijawahi kumwona akiwa peke yake. Kanisani hukaa katikati ya benchi. Akienda Eastleigh kununua vitambaa anaenda na wamama wawili, na unawasikia wakirudi kabla hujawaona.

Mimi nilimaliza masomo, nikakosa kazi ile niliyosomea, nikaanza kuandikia watu wa mbali makala kwa laptop. Hiyo kazi unafanya ukiwa nyumbani. Sasa jaribu kuandika na cherehani mbili zinanguruma, shangazi anaeleza ndoto aliyoota, na binamu anakuuliza kama atakula hiyo andazi yako ama.

Ndiyo nikaanza kutoka.

Hapa nataka kusema ukweli kuhusu raha ya kutafuta peke yako, kwa sababu watu hufikiria ni upweke. Si upweke. Ukiwa peke yako unatembea kwa mwendo wako. Ukitaka kusimama kuangalia mdudu, unasimama. Ukikosea njia, hakuna wa kukuambia alikuwa anajua. Kule uwandani, ukishaacha zile ploti zenye geti na hakuna nyumba, kuna ile miti mifupi ya miiba yenye vinundu vyeusi. Sisimizi hutoboa vile vinundu, na upepo ukipita kwenye matundu, mti mzima unapiga mluzi. Nimeishi Kitengela tangu niko nursery na nilikuwa sijawahi kusikia hiyo sauti. Niliisikia siku ya kwanza niliyotoka bila mtu.

Halafu kuna ile dakika ya kupata. Mkono uko ndani ya mwanya wa jiwe, unaombea isiwe nyoka, unagusa plastiki. Moyo unaruka. Unaangalia huku na huku kumwambia mtu, na hakuna mtu.

Mimi nilikuwa nasema hiyo ndiyo sehemu tamu zaidi. Kwamba ni yako yote.

Kujaribu na watu nilijaribu pia, msiniite mchoyo. Nilienda na rafiki yangu Shiko, tulisoma pamoja campus, na watu wa huko huniita Ciru badala ya Wanjiru. Akakuja na boyfriend wake, Brayo, ambaye nilikuwa sijamwalika. Brayo alivaa viatu vyeupe.

Ilikuwa cache rahisi upande wa Ngong. Njia nzima Shiko anapiga picha. Brayo anauliza tukimaliza tutakula nyama wapi. Sikusikia mluzi wowote wala ndege wowote, nilisikia bei ya mbuzi pekee. Tulipofika Shiko ndiye aliona kopo kwanza, akapiga kelele mpaka ng'ombe wakainua vichwa.

Brayo akaligeuza mkononi. "Hii? Tumetembea hii jua yote juu ya kopo ya vitamini?"

"Si kopo, ni safari," nikajaribu.

"Safari ni ya Mombasa, Ciru. Hii ni adhabu."

Tulicheka sana, siwezi kukataa. Hiyo siku ninaikumbuka kwa kicheko kuliko kwa kopo. Lakini nikirudi nyumbani niliamua watu ni wa kula nao nyama. Kutafuta ni kwangu.

Sasa tuje kwa Kajiado.

Kulikuwa na cache moja huko ambayo kila aliyejaribu alikuwa ameandika kwenye app kwamba hakuipata. Mmoja alisema imeibiwa. Mwingine alisema haikuwahi kuwekwa. Mnanijua sasa. Mkiniambia kitu hakipo, mimi nataka kuona mahali ambapo hakipo.

Sitataja mahali kamili kwa sababu kuna wenzangu bado wanaitafuta, na watanitusi inbox.

Asubuhi nilimwambia mama natoka kidogo. Kwetu "natoka kidogo" inaweza kuwa dukani au inaweza kuwa Namanga, na nilikuwa naipenda kwa sababu hiyo.

Nilishuka Isinya, nikapanda boda. Jamaa wa boda akaniuliza, "Madam, ni shamba unaenda kuona?" Nikasema hapana. Akasema ni sawa, hata wale wengine husema hapana. Sikuelewa. Akaniacha mahali barabara inageuka kuwa njia ya ng'ombe.

Kuna sheria moja ya huu mchezo ambayo niliisoma mapema na kuishika kama amri. Usionekane. Watu wasiojua mchezo wakikuona unaficha au kufukua kitu watakuja kukichukua. Kwa hivyo mtu akipita, jifanye unafunga kamba ya kiatu, au ngoja apite. Wameandika hivyo watu wa nchi zenye park na mabenchi.

Nikaona mwanamke mbali, karibu na boma, shuka nyekundu. Nikafanya nilivyosoma. Nikaingia nyuma ya kichaka cha miiba, nikachuchumaa. Huko ndiko sisimizi walinipata. Nikavumilia bila kulia, wakuu, ilikuwa kazi ya kijeshi. Aliponipa mgongo nikatoka, nikainama, nikafuata waya wa fensi mpaka kona ambapo simu ilikuwa inaniambia nimefika.

Hapo konani kulikuwa na beacon, kile kipande cha saruji ambacho surveyor huacha kuonyesha mpaka. Kando yake kulikuwa na mawe. Nikapiga magoti nikaanza kuyasogeza.

Hebu niambieni nyinyi mnaojua Kajiado. Mgeni anakuja peke yake. Anaangalia simu, anaangalia chini, anatembea kwa mstari kando ya fensi. Akiona mwenye shamba anajificha. Halafu anafika kwa beacon na kuanza kusogeza mawe.

Mungu wangu.

Kwanza nilisikia mbwa. Halafu sauti. "Wewe! Toka hapo!"

Ni yule mama wa shuka. Nyuma yake pikipiki ilikuwa inakuja na vumbi lake, na juu yake mwanaume mrefu, ambaye nilikuja kujua ni shemeji yake, Lemayian. Mama mwenyewe anaitwa Mama Naserian. Alikuwa ameshika fimbo, na hakuwa ameishika kwa kutembelea.

"Umetumwa na nani?" Lemayian akaniuliza.

"Sijatumwa. Natafuta kopo."

"Kopo ya nini?"

"Iko na karatasi ndani. Unaandika jina, unarudisha."

"Halafu?"

"Halafu unaenda nyumbani."

Wakaangaliana. Wakaongea Kimaasai kidogo. Mimi niliyesoma miaka yote hiyo sikuwahi kuona maelezo ya ukweli mtupu yakisikika kama uongo kiasi hicho.

"Huyu ni wa broker wa mashamba," Lemayian akasema. "Broker wa siku hizi wanatuma wasichana, ndio watu walainike."

Mama Naserian alirudisha mawe yangu moja moja mahali yalipokuwa, akakanyaga udongo kuzunguka ile beacon na kisigino. Ndipo nikaona anaangalia fensi huku na huku, kama anatafuta wenzangu. Alikuwa anaogopa. Mimi ndiye nilikuwa nimemtisha. Jirani yake, nilikuja kuambiwa, aliamka siku moja akakuta beacon imeng'olewa na watu wasiowajua wanapimia fensi mpya ndani ya malisho yake. Na yote ilianza na mtu mmoja aliyepita na simu akisema anaangalia tu.

Akamaliza, akaniangalia usoni. Hapo ndipo aliuliza.

"Kuna mtu anajua uko hapa?"

Wakuu, nieleweni. Mimi ni msichana, niko mahali hakuna nyumba nyingine, na mbele yangu kuna fimbo, mbwa na pikipiki. Hilo swali likiulizwa hivyo linaweza kuwa la huruma au linaweza kuwa la mwisho. Kila habari mbaya niliyowahi kusoma ilinijia kichwani. Nikatafuta jibu. Mama alijua natoka kidogo. Shiko alikuwa kazini. Ile raha yangu yote ya kutojulikana niliko, nikaiona vile inavyoonekana kutoka upande wa pili.

Nikageuka kuangalia kule boda iliniachia.

"Hakuna," Mama Naserian akajijibu. Na sauti yake ikabadilika. "Enkerai, mwanangu, wewe ni mtoto wa nani unatembea hivi kama kitu imepotea? Piga simu kwenu. Mtu aseme wewe ni wao."

Nikampigia mama. Lemayian akasema weka loudspeaker. Cherehani zilisikika kwanza.

Sasa nataka muone hii kitu vile ilikuwa. Mimi niko karibu kulia. Nasema, "Mama, niko Kajiado, kuna watu hapa wanataka kujua mimi ni nani." Mtu mwingine angepiga nduru. Mama akasema, "Wapatie simu."

Akaanza na salamu. Akauliza anaongea na mama nani. Akauliza watoto wa Mama Naserian wako aje. Akauliza kama kumenyesha, na ng'ombe walipitaje kiangazi. Akasema kwake nyumbani wote wazima ila shangazi anasumbuliwa na goti. Nilisimama hapo nikiwa mshtakiwa, na hao wawili wanajadili goti la shangazi.

Mwishowe akasema, "Huyo ni msichana wangu. Naona haya sana. Ni ukweli anatafuta kopo."

"Kopo ya nini lakini, Mama Wanjiru?"

"Mama Naserian, hata mimi sijui. Nimeomba mpaka nimechoka."

Lemayian alicheka mpaka akashika pikipiki. Mama Naserian alifunika mdomo na shuka. Mbwa akalala.

Nilipewa chai ya maziwa yenye ladha ya moshi moshi. Mama Naserian akaniambia aliniona tangu niliposhuka kwa boda, na ile sweta yangu nyekundu kwa kichaka ilikuwa kama taa. "Mwizi hujificha mzuri kukushinda," akasema. "Mbona hukukuja tu kwa geti ukasalimia, ukasema sopa?"

Nikamwambia sheria za mchezo zinasema usionekane.

Akafikiria. "Huku mtu mwenye hataki kuonekana ndiye tunamtafuta."

Kopo sikupata siku hiyo, hata kutafuta tena sikuthubutu. Nilirudi Kitengela.

Mama hakunipigia kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alifunga kibanda mapema. Alikaa kitandani kwangu, binamu wakiwa mlangoni wanasikiliza. Akaniambia kwamba nilipompigia, alidhani nimetekwa. Zile salamu zote alikuwa anavuta muda ili asikie kama ni watu wazuri au wabaya. Alikuwa anasikiliza sauti ya yule mama, na kama nalia nyuma yake.

"Hutaenda tena peke yako," akasema. "Ama unaenda na mimi, ama huendi."

Nilibishana. Mnanijua. Nilimuuliza, kama ningekuwa kijana mwanaume angesema hivyo? Akasema hapana, na hiyo si haki, na bado sitaenda. Nikamwambia ananinyang'anya kitu kimoja tu nilicho nacho ambacho ni changu. Alitazama binamu pale mlangoni, kama mtu aliyeguswa mahali. Halafu akasema, "Najua." Sikuuliza anajuaje. Nilikuwa nimekasirika.

Basi tukaenda na yeye.

Mama alivaa viatu vya raba na leso ya kichwa ya bluu. Alibeba flask, sukari, majani chai, na mwavuli. Nikamwambia tunatafuta kopo, hatuhami. Akasema huwezi kurudi kwa watu mkono mtupu baada ya kuwatisha.

Njiani alisalimia kila kiumbe. Alikuwa amejifunza kwa mteja wake jinsi ya kusalimia wanawake kwa Kimaasai. Kila mwanamke tuliyepita, "Takwenya!" Wanajibu "Iko!" na kusimama, na ikifika hapo lazima tujue anatoka wapi. Mwendo wa dakika chache ukawa nusu ya asubuhi. Nilitaka kulia kwa hasira.

Lakini kuna kitu niliona, na kwa sababu ninajiita mtu wa ushahidi lazima nikiseme. Hakuna aliyetuuliza kama tunaona shamba. Hakuna mbwa aliyebweka mara ya pili. Tulifika kwa beacon ile ile, tukiwa tumeandamana na Mama Naserian mwenyewe na wanawake wawili wa jirani, na kila mtu alijua tunatafuta nini. Sheria ya kwanza ya mchezo ilikuwa imevunjwa vipande vipande na sijawahi kutafuta nikiwa salama hivyo.

Mama Naserian aliushika mchezo mara moja. Alisema zamani fensi haikuwa hapo, ilisogezwa walipogawana shamba. Mimi nikasema coordinates hazisogei. Yeye akasema basi simu yangu ni ya uongo. Nikamweleza satellite. Akaniuliza nimeziona? Nikasema hapana. "Sasa unajuaje?" Wakuu, nilikutana na mwenzangu. Tulibishana hapo juani kwa raha, wale wawili wakipindua kila jiwe na kuchekeana, mmoja anapaza sauti "Nimepata!" akiwa ameshika soli ya kiatu.

Baada ya muda nikagundua sisikii mama.

Nikaangalia. Alikuwa ameenda mbali kidogo, chini ya mteremko, kwenye jiwe kubwa lenye kivuli. Amekaa, mwavuli umefungwa, viatu amevua. Anaangalia uwanda. Nikadhani amechoka. Nikateremka.

Kopo lilikuwa kwenye mapaja yake.

"Mama! Umepata!"

"Eeh. Lilikuwa hapa nyuma, kwa hii mwanya. Niliegemea tu."

"Umepata saa ngapi?"

"Kitambo."

"Na mbona hukuita?"

"Mlikuwa mnaongea," akasema. Halafu akaniuliza, "Hiyo miti huwa inapiga mluzi hivyo kila siku?"

Nikasema ndiyo, ukinyamaza.

Nikawaita wengine. Mama Naserian alipoona kopo, plastiki kuukuu ya siagi iliyofungwa na tepu, alilishika mikono miwili. Karatasi ndani ilikuwa imelowa na kukauka, lakini tuliandika. Sote. Jina langu, la mama, la Mama Naserian, na wale wawili. Tukalirudisha mwanyani. Mama Naserian akasema sasa yeye ndiye mlinzi wake, na mtu yeyote anaruhusiwa kuja kulitafuta, mradi apite kwa geti kwanza.

Nimeliweka hilo kwenye app. Msalimieni Mama Naserian kwanza.

Sasa mtauliza nilijifunza nini.

Bado napenda kwenda peke yangu. Sitadanganya hapa ati nilibadilika nikawa mtu wa makundi. Kuna vitu huwezi kuona ukiwa unaongea. Lakini nilikuwa nimechanganya vitu viwili. Nilidhani kuwa peke yako ni lazima usijulikane. Unaweza kuwa peke yako kabisa na bado mtu mmoja mahali anajua uko upande gani. Tulikubaliana hivyo na mama baada ya majadiliano marefu. Nikienda peke yangu ninamwambia yeye au Shiko mahali, na nikifika nasalimia kabla ya kuangalia simu.

Na mama, yule wa "angalau hao wako pamoja", niliandika akilini kwamba yeye ni mtu wa watu. Hawezi kukaa kimya bila kutafuta wa kusalimia. Kila mtu na maumbile yake, nikasema, mimi nimefuata upande wa baba.

Nyinyi je? Kuna mwenye huenda hiking, kuvua samaki, ama kuzunguka tu bila kampani? Na wanawake hasa, mnafanyaje ili mtembee bila kuogopesha watu wa nyumbani? Nataka kusikia, hata wale wa kusema mchezo ni wa ujinga. Brayo tayari amesema.

*

Wakuu, narudi kwa huu uzi baada ya muda mrefu. Naona kuna mtu aliuliza kama mama bado hunisindikiza. Nilikuwa nimejibu kwamba hapana, alikuja ile mara moja tu, hana muda.

Juzi mama alitoka kwenda Eastleigh kununua vitambaa. Siku hizi huenda peke yake. Anasema wale wamama wanamchelewesha. Mara nyingi anarudi na mfuko mdogo tu, anasema bei zimepanda. Sikuwahi kushuku, mimi ninayeshuku kila kitu.

Kwa kuwa hayuko, nikaamua kumpelekea Mama Naserian sukari. Nikamwambia Shiko ninakoenda. Nikashuka, nikapita kwa geti, nikasema takwenya kama mtu aliyelelewa vizuri.

Mama Naserian akatoka na kikombe mkononi. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu.

"Mmekosana?"

"Nani?"

"Wewe na mama yako. Mbona leo mmekuja kila mtu na njia yake?"

Akanyoosha kidole kuelekea mteremkoni. Kwenye jiwe kulikuwa na leso ya bluu.

Nikauliza ameanza lini kuja. Akasema tangu mvua ya kwanza baada ya ile siku ya kopo. Nikauliza, anakuja kutafuta nini? Akasema hatafuti kitu. Anamsalimia, anampa sukari, anamwambia, "Mama Naserian, niko kwa jiwe," anaenda. Anakaa. Jua likianza kulala anarudi, anashukuru, anaenda stage kupanda matatu. Mwanzoni Mama Naserian alikuwa anamfuata na kikombe cha chai ili wapige story, mpaka akaelewa kwamba hataki.

Nikainuka niende kwake. Mama Naserian akaniwekea mkono begani.

"Wacha. Kunywa chai."

Nikakaa. Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine anajua mama huwa hapa.

"Ni mimi tu," akasema. "Hata mimi nilimuuliza hivyo. Akaniambia mtu mmoja anatosha."